Uzi: Divisheni ya 14 ya askari wa miguu ya Urusi ya Matsari, kutoka Sevastopol hadi Iași

#1 Mchora Ramani

Wakuu, divisheni hii inatajwa kwenye kila uzi wa vita vya Urusi, lakini kwa vipande vipande. Mmoja anaitaja kwa kuzingirwa kwa Sevastopol, bandari ya Krimea, mwingine kwa kuvuka mto Danube, wa tatu kwa aibu ya Sandepu, kijiji cha Manchuria. Naileta yote hapa, mwenye nyongeza aongeze.

Kwanza tuondoe kosa la kufuata namba. Divisheni ya 14 ilikuwepo mwaka 1812 chini ya Jenerali Sazonov, katika kori (kundi la divisheni) ya Wittgenstein iliyoziba njia ya kwenda St. Petersburg. Rejimenti zake zilikuwa Tula, Navaginsky, Tenginsky, Estland na mbili za wadunguaji wepesi. Hakuna hata moja kati ya hizo utakayoikuta kwenye Divisheni ya 14 ya baadaye. Namba ilibaki, watu wakawa wengine. Anayeandika kwamba "divisheni iliyopigana na Napoleon ndiyo iliyovuka Danube" ameunganisha koo mbili zisizojuana.

Ya kwetu ni hii: Volhynia, Minsk, Podolia na Zhitomir. Hizi nne zilikuwa pamoja tangu vita vya Krimea (1853 hadi 1856, Urusi dhidi ya Waturuki, Wafaransa na Waingereza) hadi jeshi la Tsar lilipovunjika. Mwaka 1864 rejimenti zilipewa namba za kudumu, zikawa 53, 54, 55 na 56.

Hapo kuna hesabu rahisi ya kukariri. Chukua namba ya divisheni, zidisha kwa 4, unapata rejimenti yake ya mwisho. 14 mara 4 ni 56, rudi nyuma hadi 53. Divisheni ya 9: 33 hadi 36. Ya 15: 57 hadi 60. Ya 24: 93 hadi 96. Ukikuta barua ya askari wa "Rejimenti ya 35 ya Bryansk", gawanya kwa 4, ukipata baki panda juu: ni Divisheni ya 9. Hesabu hii haifanyi kazi kwa gadi, kwa magrenadia wala kwa brigedi za wadunguaji, hao walikuwa na namba zao.

Jambo la pili ni kalenda. Urusi ilitumia ya zamani. Kwa karne ya 19 ongeza siku 12, kwa karne ya 20 ongeza 13. Mimi nitatumia mpya kote.

#2 Singe Butu

Mkuu, umeanza vizuri. Kwenye Sevastopol usipite haraka, maana Volhynia walijijengea jina pale.

#3 Mchora Ramani

Sipiti haraka. Pale mto Alma, Krimea, Septemba 1854, Minsk na Volhynia ndio waliokuwepo. Batalioni moja ya Minsk iliwekwa karibu na bahari, upande ambao Wafaransa wa Jenerali Bosquet walipanda mwamba. Volhynia walikuwa akiba, wakafunika mafungo.

Sehemu yenyewe ni Februari 1855. Warusi hawakusubiri kuzingirwa kimyakimya, walisogeza ngome zao MBELE ya mstari, kuelekea mahandaki ya Wafaransa. Upande wa mashariki wa Kilima cha Malakhov zilijengwa redauti mbili: ya kwanza na rejimenti ya Selenga, ya pili na Volhynia, kila moja ikabeba jina la waliochimba. Kamanda wa Volhynia, Khrushchov, ndiye aliyesimamia.

Utaratibu ulikuwa hivi: kazi inaanza giza likiingia, kundi moja linachimba, kundi jingine linalala kifudifudi mbele yao na bunduki. Ardhi ya pale ni mwamba mweupe, jembe haliingii, kwa hiyo kinga ya kwanza inatokana na vikapu vya fito vilivyojazwa udongo na mawe. Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Februari Wafaransa walivamia Selenga kabla haijakamilika, Mazuavu (aina ya askari wa miguu wa Kifaransa) wakiwa mbele. Selenga na Volhynia wakawarudisha kwa singe. Kwa sababu ya yale mawe meupe, Wafaransa waliziita ngome hizo "Kazi Nyeupe". Zilidumu hadi 7 Juni 1855, zikaanguka siku moja na luneti ya Kamchatka.

#4 Kombania ya Tatu

Swali la mwanafunzi: redauti na luneti zina tofauti gani?

#5 Singe Butu

Redauti imefungwa pande zote, ukizungukwa unaendelea kupigana. Luneti iko wazi nyuma. Faida ya uwazi ni kwamba adui akiiteka, ngome iliyo nyuma inamwona na kumpiga. Hasara yake unaijua.

#6 Mchora Ramani

Sasa 1877, vita vya Urusi na Waturuki. Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Kamanda ni Meja Jenerali Mikhail Dragomirov, aliyekuwa profesa wa mbinu za vita katika Akademia ya Nicholas, akapewa divisheni mwaka 1873. Ana miaka minne ya kuifundisha kabla ya vita, jambo ambalo makamanda wengi hawakulipata. Makao ni Kishinev, Chișinău ya leo.

Muundo wa wakati ule, maana wengi hubandika muundo wa 1914 kwenye vita vya 1877: rejimenti 4, kila moja batalioni 3, kila batalioni kombania 5 (nne za kawaida na moja ya wadunguaji). Kwa hiyo rejimenti moja ni kombania 15 na divisheni ni 60. Batalioni nne za kombania nne nne zilikuja baada ya vita, 1879. Brigedi ya mizinga: betri 6 za mizinga 8, jumla 48.

Silaha yao ni Krnka, si Berdan (bunduki mpya zaidi). Krnka ni bunduki ya zamani ya kujazia mdomoni iliyokatwa nyuma na kuwekewa mlango wa chemba. Tatizo lake ni ganda kugoma kutoka: kiondoaji kinateleza, askari anashika fimbo ya kusafishia na kulisukuma ganda kutokea mdomoni, katikati ya mapigano. Tena shabaha (kipimo cha kulengea) ya bunduki ya askari wa kawaida iliishia hatua 600. Sajenti na wadunguaji tu ndio waliokuwa na shabaha ya hatua 1,200. Waturuki walikuwa na bunduki za Peabody-Martini, wakaanza kuua kutoka mbali mara mbili ya hapo. Dragomirov alilijua hilo, na jibu lake lilikuwa: wafikie upesi.

Kuvuka kwenyewe: kutoka Zimnicea upande wa Romania kwenda Svishtov, usiku wa 26 kuamkia 27 Juni 1877. Mahali palifichwa hadi dakika za mwisho, na mizinga ilipiga kwingineko ili Waturuki waangalie huko. Pontuni (vyombo bapa vya kuvushia na kujengea madaraja) za chuma zilikusanywa kutoka batalioni nne. Safari ya kwanza ilibeba takriban watu 2,500: kombania 11 za Volhynia, kombania ya gadi iliyochanganywa, Kosaki kama 60 na mizinga ya milimani. Waliondoka kama saa nane usiku.

Kilichoharibika: upepo uliongezeka, mkondo ukazitawanya pontuni. Zilifika moja moja, mbali mbali, karibu na kijito cha Tekir-dere, chini ya ukingo mrefu wa udongo. Kombania zikachanganyikana. Chombo kilichobeba mizinga ya milimani kilizama pamoja na kamanda wa betri, Luteni Kanali Strelbitsky.

Kwa mpango wa kawaida, hapo shughuli ingekuwa imekwisha. Lakini waliotua waliongozwa na yeyote aliyekuwa karibu, wakapanda ukingo kwa makundi ya watu ishirini, thelathini. Amri ya Dragomirov ilikuwa imeshawaambia kila mmoja: saidia mwenzako, hakuna ubavu wala mgongo, mbele ni pale adui alipo, na tarumbeta ya kurudi nyuma usiitii. Alasiri Svishtov ilikuwa mikononi mwao. Safari zilizofuata zilisaidiwa na meli ndogo ya mvuke, *Annette*.

#7 Njiwa Tumwa

Kwa hiyo ile amri ya "usitii tarumbeta ya kurudi" haikuwa majigambo?

#8 Mchora Ramani

Hata kidogo, mkuu. Usiku, watu wametawanyika, tarumbeta moja ikipigwa kimakosa (au na adui) inaweza kuwatoa watu wote ukingoni. Na nyuma ni mto. Kuifuta ishara mapema ni kuziba tundu moja la hofu. Ndivyo alivyofundisha: askari lazima ajue kazi anayokwenda kuifanya, siyo afisa peke yake.

#9 Singe Butu

Naomba kupinga kidogo, maana Dragomirov huimbwa kupita kiasi. Huyu huyu baadaye alizidharau bunduki za rashasha, akakataa ngao za mizinga, akaipinga hata bunduki ya kujaza risasi nyingi kwa mpigo kwa hoja kwamba askari atapoteza risasi ovyo. Maafisa waliokwenda Manchuria 1904, kwenye vita na Wajapani, wengi walisomea vitabu vyake. Mafundisho ya singe yaligharimu watu.

#10 Mchora Ramani

Nakubali upande wa zana, sikubali upande wa mafunzo. Ni vitu viwili. Ile "ataka ya kupenya", ambapo vikosi viwili vinakimbiliana na kupitana katikati, ilikuwa zoezi la kumzoesha mtu asisimame anapoona singe inamjia. Haikuwa mbinu ya kutumia mbele ya rashasha. Waliomnakili ndio walioigeuza.

Kwa wapenda picha: mchoraji Repin alimtumia Dragomirov kama kielelezo cha Ataman Sirko kwenye ule mchoro wa Kosaki wa Zaporozhia wakimwandikia Sultani. Yule anayecheka na kiko mdomoni ndiye kamanda wetu.

#11 Kombania ya Tatu

Na Shipka, ile njia ya mlimani Bulgaria? Nilidhani Shipka ni ya rejimenti za Orel na Bryansk.

#12 Bawabu wa Mlima

Hii niachieni mimi.

Kori ya 8 chini ya Radetzky wakati ule ilikuwa na Divisheni ya 9 na ya 14. (Ya 15 iliingia baadaye. Ndiyo maana vitabu vya 1914 vinakuonyesha jozi tofauti.) Suleiman Pasha, kamanda wa Waturuki, aliposhambulia tarehe 21 Agosti 1877, waliokuwa mlimani ni Orel na Bryansk wa Divisheni ya 9, pamoja na wanamgambo wa Kibulgaria. Tarehe 23 jioni walifika wadunguaji wa Brigedi ya 4, wengine wamepakiwa juu ya farasi wa Kosaki. Tarehe 24 wakafika Podolia na Zhitomir, baada ya mwendo mrefu kwenye joto la Agosti. Siku hiyo hiyo Dragomirov alipigwa risasi ya goti, na vita vyake vikaishia hapo. Uongozi wa divisheni ukaenda kwa Petrushevsky.

Kisha ukaja "ukaaji wa Shipka", na huo ndio uliomaliza watu. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Desemba kikosi cha pale kilipoteza kama 700 kwa risasi na makombora, lakini wagonjwa na walioganda walifikia 9,500. Piga hesabu: kwa kila mmoja aliyepigwa, zaidi ya kumi na watatu waliondoka kwa baridi na maradhi.

Utaratibu wa kuganda ni huu. Koti la sufu linanyonya ukungu na theluji mchana, usiku linakuwa gumu kama ubao, ukilikunja linavunjika. Mtu hawezi kukaa wala kuinama vizuri, kwa hiyo anasimama, na damu haitembei. Miguuni, kiatu kikiwa kinabana, kitambaa cha pili cha kufunga mguu hakiingii. Kimoja kikilowa hakuna cha kubadilisha. Moto mlimani hauwashiki kwa upepo, chakula kinapikwa bondeni na kufika kimepoa. Kinachookoa ni vitu vidogo: zamu fupi kwenye nafasi za juu, kumshusha mtu akakaushe vitambaa, mafuta ya wanyama miguuni, na afisa anayekagua miguu kama anavyokagua bunduki. Divisheni ya 24, iliyoletwa kuchelewa na isiyouzoea mlima, iliyeyuka kwa wiki chache ikabidi iondolewe. Wakati huo Radetzky alikuwa akituma taarifa kwamba Shipka kumetulia, na mchoraji Vereshchagin akaichora ile taarifa: mlinzi mmoja anafunikwa na theluji hadi anatoweka.

Tarehe 9 Januari 1878, Podolia na Zhitomir pamoja na sehemu ya Bryansk waliteremka kwa mbele, kwenye ukungu, kwa barabara nyembamba yenye barafu. Hasara takriban 1,700. Jeshi la Veysel Pasha lilijisalimisha siku hiyo hiyo kwa sababu majenerali wa Kirusi Skobelev na Mirsky walikuwa wamelizunguka pande mbili. Kama ile ataka ya mbele ilihitajika au la, watu bado wanabishana.

#13 Singe Butu

Ilihitajika kwa kuwashika Waturuki wasigeuke. Haikuhitajika kwa ukubwa ule.

#14 Njiwa Tumwa

Twende Sandepu, ndiyo niliyoifuata hapa.

#15 Mchora Ramani

Haya. Mwaka 1904 Kori ya 8 (sasa Divisheni za 14 na 15, kamanda Mylov) ilipakiwa kwenye reli ya Siberia, ikaingia Jeshi la 2 la Manchuria chini ya Grippenberg. Kamanda wa Divisheni ya 14 ni Rusanov. Vita vyenyewe ni 25 hadi 29 Januari 1905.

Jukumu la divisheni lilikuwa kuteka kijiji cha Sandepu tarehe 26. Angalieni jinsi makosa yalivyopangana:

Kwanza, ili kulinda siri, upelelezi wa eneo lile ulizuiwa. Pili, ramani zilikuwa mbovu, na vijiji vya Manchuria vinafanana: kuta za udongo, nyumba za udongo, miti michache. Tatu, hali ya hewa ilikuwa theluji na ukungu, mizinga inapiga bila kuona. Nne, mizinga ikakipiga siku nzima kijiji cha Baotaizi kilicho magharibi ya Sandepu. Tano, jioni askari wa miguu wakaingia Baotaizi, wakakuta vifusi, wakaamini wameteka Sandepu. Taarifa ikapanda hadi juu, pongezi zikashuka.

Kisha wakagundua kwamba mbele yao, ng'ambo ya uwanja mtupu, kuna kijiji kikubwa chenye ukuta, redauti na rashasha, ambacho hakijaguswa na kombora hata moja. Sandepu ndiyo hiyo. Kuchimba haiwezekani, ardhi imeganda kama jiwe. Usiku wakarudi nyuma. Siku iliyofuata Grippenberg aliitangaza kuwa ya mapumziko, wakati Stakelberg na Wasiberia wake wa Kori ya 1 wanaendelea kupigana upande wa kusini. Mapigano yote yaliwagharimu Warusi takriban watu 12,000 na Wajapani kama 9,000, bila kusogea. Grippenberg alijiuzulu akapanda treni kurudi nyumbani.

Linganisheni na Danube. Divisheni ni ile ile, rejimenti ni zile zile nne. Pale kila askari alijua anakwenda wapi, hapa hata mkuu wa divisheni hakujua yuko kijiji gani.

#16 Singe Butu

Na ndiyo maana nakataa kumlaumu Rusanov peke yake. Aliyezuia upelelezi si yeye.

#17 Kombania ya Tatu

Wakuu, nina picha ya zamani ya askari, sare ya kabla ya 1914. Naitambuaje kama ni Divisheni ya 14?

#18 Bawabu wa Mlima

Kwa rangi hutaijua divisheni, utaijua nafasi ya rejimenti ndani ya divisheni. Mkanda wa kofia: ya kwanza nyekundu, ya pili buluu, ya tatu nyeupe, ya nne kijani. Bega: brigedi ya kwanza (rejimenti mbili za mwanzo) nyekundu, ya pili buluu. Kwa hiyo Podolia ni kofia nyeupe na bega la buluu. Lakini rejimenti zote za tatu za divisheni zote zina hivyo hivyo, unahitaji namba iliyo begani. Kwenye picha nyeusi na nyeupe usiamini macho: filamu za wakati ule huonyesha nyekundu kama nyeusi, na buluu hutoka hafifu.

Mtego mwingine: rejimenti yenye mlezi wa kifalme huvaa herufi za mlezi begani badala ya namba. Minsk ya 54 ilikuwa imepewa jina la Tsar wa Bulgaria. Ndiyo, wale wale waliovuka Danube kwenda kuikomboa Bulgaria. Oktoba 1915 mlezi wao akaingia vitani upande wa Ujerumani.

#19 Mchora Ramani

Na 1914, Vita Kuu ya Kwanza, kwa ufupi. Makambi: Volhynia na Minsk Kishinev, Podolia Bender, Zhitomir Tiraspol. Batalioni 16, rashasha 32 (nane kwa rejimenti), mizinga 48 ya milimita 76. Divisheni ya Kijerumani ilikuwa na 72, kati yake 18 ni hauza (mizinga ya kurusha juu) za milimita 105. Mzinga wa 76 unarusha kwa njia iliyonyooka, kombora lake la vipande linaua watu walio wazi, lakini aliyeshuka handakini halimfikii. Hauza ziko kwenye kori, 12 tu kwa divisheni zote mbili.

Kori ya 8 ilikuwa katika Jeshi la 8 la Brusilov: Galisia, kisha Karpati. Mtoto wa Dragomirov, Vladimir, aliiongoza kori hiyo kwa muda. Juni 1916 ilikuwa kwenye pigo kuu la Lutsk, ubavuni kwa Kori ya 40. Mizinga ilipiga kwa saa 29, mahandaki ya kuanzia yakiwa yamesogezwa hadi hatua mia mbili tatu kutoka seng'enge za Waaustria, na tarehe 7 Juni Lutsk ikaanguka. Mwishoni mwa mwaka kori ilihamishiwa Romania, Denikin akiwa kamanda wake tangu Septemba. Majira yale ya baridi mpango wa Jenerali Gurko ukapunguza rejimenti za jeshi zima kutoka batalioni 4 hadi 3 ili kuunda divisheni mpya, ambazo nyingi hazikuwa na mizinga yao. Julai 1917 kori ilishambulia pamoja na Waromania pale Mărăști.

#20 Njiwa Tumwa

Kamanda wake wa mwisho ni nani? Kuna aliyesema Drozdovsky, nikadhani utani.

#21 Mchora Ramani

Si utani, ingawa sitamwita wa mwisho. Kanali Mikhail Drozdovsky alitoka Rejimenti ya 60 ya Zamość (gawanya kwa 4: Divisheni ya 15, jirani), akakabidhiwa ya 14 Desemba 1917. Wakati huo kamati za askari ndizo zinazoamua na watu wanaondoka kwa treni kila siku. Alikaa nayo wiki mbili na siku chache, akajiuzulu, akaenda Iași, mji wa Romania, kuandikisha watu wa kujitolea. Machi 1918 aliondoka na watu kama 1,000, wengi maafisa, wakatembea takriban versta 1,200 (versta ni kilomita 1.07) hadi eneo la mto Don, wakaingia Novocherkassk Mei.

Msichanganye, hiyo si Divisheni ya 14 iliyohamia kwa Weupe, wapinzani wa Wabolsheviki. Divisheni yenyewe ilivunjwa mapema 1918 kama jeshi lote la zamani. Kikosi chake kilikusanya watu kutoka uwanja wote wa vita wa Romania.

#22 Kombania ya Tatu

Nimeikuza ile picha. Namba begani ni 59.

#23 Bawabu wa Mlima

59 kwa 4 ni 14 na baki 3, panda juu. Divisheni ya 15, rejimenti ya tatu, Lublin. Umekosea kwa nyumba moja tu.